Baiskeli yako imeibiwa? Namna ya kuitafuta na namna ya kuthibitisha ni yako ikipatikana

Kuna kitu wengi hawakijui mpaka yawakute: kuipata baiskeli iliyoibiwa mara nyingine ni rahisi kuliko kuthibitisha kwamba ni yako. Pikipiki ikikamatwa mnaangalia namba ya chesisi, mnaangalia kadi ina jina la nani, maneno yameisha. Baiskeli haina kadi. Wazee watakumbuka enzi za leseni ya baiskeli na kibati chake, lakini sa hivi unanunua Phoenix dukani, unapanda, unaondoka, na hakuna ofisi yoyote inayojua hiyo Phoenix ni ya nani. Ndo maana ukipita vituo vingi vya polisi unakuta baiskeli zimeegeshwa uani zimekula kutu, tairi hazina upepo, na wenyewe wapo mtaani wanatembea kwa miguu. Wengine walishafika hapo kituoni kabisa, wakaonyesha kwa kidole, wakaulizwa "utathibitishaje ni yako?" wakajibu "afande hii naijua tu".

Kwahiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kuangalia siku hiyo ya kuulizwa swali, maana kila unachofanya kuanzia dakika baiskeli imepotea kinakusaidia au kinakuharibia siku hiyo. Naongelea zaidi Tanzania Bara. Ukiwa Unguja au Pemba unaanza na sheha badala ya mwenyekiti wa mtaa na sheria ya jinai ni ya kule, ukiwa Kenya hiyo RB ninayoitaja (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) ni OB na baadae unaomba abstrakti, yaani karatasi ya polisi yenye muhtasari wa taarifa yako, ila kazi yenyewe ni ileile.

Saa ya kwanza

Kwanza hakikisha imeibiwa kweli. Usicheke, kuna mtu anafungua kesi kumbe shemeji kaichukua kwenda kusaga, au uliiegesha mbele ya ofisi mlinzi kaisogeza nyuma, au mgambo wamepita wakazoa kila kitu kilichokuwa barabarani. Piga simu mbili tatu hapohapo.

Kama kweli imeenda, usiondoke eneo hilo haraka. Zunguka uulize waliokuwepo: muuza mihogo, vijana wa kijiwe cha bodaboda, wakala wa pesa, fundi viatu, hawa wanakaa sehemu moja siku nzima wanaona kila kitu. Ila uliza vizuri. Ukiuliza "mmemuona mwizi wa baiskeli?" kila mtu atasema hapana, maana mwizi hajaandikwa usoni. Uliza "kuna mtu kapita hapa ameinua baiskeli tairi la nyuma?" au "kuna guta au bajaji imepakia baiskeli?" Baiskeli iliyofungwa kufuli la tairi haikokoteki, lazima ainue nyuma au aipakie, na mtu anayetembea ameinua nyuma ya baiskeli anakumbukwa. Ukipata mtu aliyeona chukua jina lake na namba yake ya simu hapohapo, kesho atakuwa amesahau au ameogopa.

Angalia kamera. Maduka, sheli, benki, nyumba za kulala wageni, siku hizi kamera ziko nyingi. Mwenye duka anaweza kukataa kukuonyesha, sawa, haki yake, wewe muombe tu asiifute mpaka polisi waje, kwasababu kamera nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku kadhaa na kurekodi upya juu yake.

Na kama mwizi amekata kufuli au mnyororo akauacha, usiutupe. Piga picha ulipo, alafu uuchukue. Funguo zako pia, hata zile za akiba ziko kwenye droo, zitafute uziweke sehemu moja. Utaona huko mbele kwanini.

Kabla hujaongea na mtu yeyote, andika

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo ya maana kuliko zote. Chukua daftari au simu, uandike baiskeli yako ikoje kuanzia mbele mpaka nyuma ukiwa bado hujaiona tena. Mahakama zetu kwenye kesi za mali ya wizi zina utaratibu wa siku nyingi: anayedai mali aeleze alama za mali yake kabla hajaonyeshwa. Ukielezea baada ya kuonyeshwa, mtuhumiwa atasema (na ana haki kusema) kwamba unasoma tu kitu kilicho mbele yako. Na rangi na aina pekee haziwezi kukubeba, Phoenix nyeusi zenye karia ziko ngapi nchi hii?

Andika hivi kwa mfano:

"Phoenix saizi 28, nyeusi, bomba mbili za juu. Usukani gripu ya kushoto ya bluu, ya kulia nyeusi, ile ya bluu imepasuka kwa ndani. Kengele haina mfuniko. Pedeli ya kulia ya chuma, ya kushoto ya mpira. Gurudumu la nyuma spoku mpya tatu zimefuatana upande wa friwili, zinang'aa kuliko zingine. Karia imeongezewa nondo, imechomelewa vibaya kushoto ina donge la chuma. Tairi la mbele limeshonwa kwa kamba ya nailoni karibu na valvu. Siti ina kovu la kuungua na eksozi."

Unaona? Hapo hata bila namba ya fremu hiyo baiskeli haifanani na nyingine. Vitu vya thamani hapa ni vile vilivyoharibika na vikatengenezwa kienyeji: donge la kuchomelea, bolti isiyo ya kwake, waya uliofungwa badala ya klipu, kiraka cha chubu. Dukani zote zinatoka sawa, matengenezo ndo yanazitofautisha. Kaa na mke wako au mdogo wako anayeiendesha mkumbushane, alafu nenda kwa fundi wako umuulize "mara ya mwisho ulibadilisha nini?" Fundi anakumbuka vitu wewe hujawahi kuviangalia, kama vile gololi alizoweka za saizi gani au ekseli aliyoikata kwa msumeno.

Namba ya fremu

Baiskeli nyingi zina namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa zile za kazi kama Phoenix, Hero na Avon angalia pale siti inapoingilia kwenye fremu. Kwa mauntini na zile za gia geuza matairi juu uangalie chini ya lile bomba nene fupi linaloshika ekseli ya pedeli. Zingine iko kwenye bomba la usukani kwa mbele, au pale ekseli ya nyuma inapofungwa. Usichanganye namba hiyo na maandishi ya stika, stika mara nyingi inataja modeli tu na modeli mko nayo maelfu.

Sasa imeshaibiwa na hukuwahi kuiandika, ufanyeje? Tafuta risiti, mara nyingine muuzaji aliandika. Tafuta kadi ya waranti au boksi kama ilikuja kwenye boksi. Rudi dukani, baadhi wana daftari la mauzo. Alafu pekua picha zote kwenye simu, yako na za ndugu, unakuta mtoto kapigwa picha kaegemea baiskeli sikukuu ya Idi na ukikuza picha alama zinaonekana. Picha za Watsap zimeshabanwa hazikuziki vizuri, muombe aliyepiga akutumie ile halisi.

Za mtumba kutoka Japani zina kitu kizuri sana ambacho watu wanakibandua wakiona ni uchafu: kale kastika kadogo kenye maandishi ya Kijapani na namba, mara nyingi kako kwenye bomba la siti. Hiyo ni namba ya usajili dhidi ya wizi, kule toka 1994 kusajili ni lazima kisheria. Hapa kwetu hakuna atakayeenda kuiulizia Japani, lakini kama unayo hiyo namba kwenye picha au daftari, na baiskeli iliyokamatwa ina hiyohiyo namba, nani atabisha? Na zile zenye kufuli la duara limefungwa kwenye fremu nyuma, funguo yake ndo shahidi wako namba moja. Unafika kituoni, unatoa funguo mfukoni, kufuli linafunguka mbele ya kila mtu.

Polisi na RB

Nenda siku hiyohiyo. Watu wanasema "baiskeli ya laki mbili polisi watahangaika nayo?" Huenda wasihangaike, lakini RB sio kwa ajili ya wao kuhangaika tu. RB inaonyesha kwamba tarehe fulani, kabla baiskeli haijapatikana kwa mtu yeyote, wewe ulishasema imeibiwa na ukaitaja ikoje. Ukienda kuripoti baada ya kuiona kwa mtu, inaonekana umemuonea wivu na baiskeli yake.

Mambo ya kuangalia pale kaunta:

Iandikwe wizi, sio kupotelewa. Kuna ile ripoti ya upotevu ambayo siku hizi inaombwa mtandaoni, watu wanaiita losi ripoti, hiyo ni ya vitambulisho na vitu ulivyodondosha. Kitu kilichoibiwa kinahitaji RB na maelezo yako.

Yale maelezo uliyoandika nyumbani, yasome yote aandike. Askari akiwa na haraka ataandika "baiskeli moja aina ya Phoenix rangi nyeusi thamani sh 250,000" basi. Muombe kwa ustaarabu, "afande naomba tuongeze na alama, ni chache tu." Alafu soma kabla ya kusaini. Kama hujui kusoma vizuri nenda na mtu unayemuamini akusomee.

RB haiuzwi, ni bure. Ukiombwa hela ya karatasi au ya nauli ya upelelezi hiyo sio ada, na kuna mkuu wa kituo hapohapo unaweza kumuona.

Ondoka na vitu vitatu: namba ya RB, jina la mpelelezi utakayepangiwa, namba yake ya simu. Piga picha hicho kikaratasi maana vinachanika mfukoni.

Baada ya hapo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji umpe taarifa, ikiwezekana akuandikie barua yenye muhuri kwamba anakufahamu na anajua ulikuwa na baiskeli ya aina hiyo. Kama kata yenu ina polisi kata, yeye ndo anayejua vijana wa eneo kuliko wa kituo kikubwa. Na ukiwa vijijini Shinyanga, Tabora, Mwanza huko, huhitaji kuelekezwa, sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji, wakipata taarifa mapema njia za kutokea kijijini zinaangaliwa usiku huohuo. Ila hata huko RB ikatwe, maana sungusungu wakiikamata inatakiwa ifikishwe polisi ndo iwe kesi.

Inaenda wapi baiskeli ikiibiwa

Haikai nzima muda mrefu, au haikai mtaa huo. Njia ni kama nne hivi. Inauzwa haraka kwa bei ya kutupa kwa mtu wa mbali. Inapelekwa mnadani au gulioni siku ya soko wilaya nyingine. Inapuliziwa rangi ya kopo inabadilishwa siti na usukani. Au inachinjwa: magurudumu kwa fundi mmoja, kranki na mnyororo kwa mwingine, fremu inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu inapimwa kwa kilo.

Kwahiyo anza na mafundi, na usianze kwa kuwatisha. Fundi baiskeli ukimfuata na sauti ya "hapa mnanunua vya wizi" umemfunga mdomo na wenzake wote. Mfuate kama mteja, mueleze alama mbili tatu, muachie namba, mwambie kuna asante. Mafundi wanazijua baiskeli kwa kazi za mikono ya wenzao. Kuna fundi namjua alitambua gurudumu kwasababu ya namna spoku zilivyopishana, akasema "hii nimeifunga mimi", na kweli, lilikuwa la mteja wake aliyeibiwa wiki hiyo, limeletwa lirekebishwe rimu na mtu mwingine kabisa.

Wanunuzi wa vyuma chakavu pita mapema, siku ya kwanza au ya pili, kabla mzigo haujapakiwa lori. Siku ya mnada nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, upande wanaouza vilivyotumika, na uende na mtu.

Mtandaoni weka tangazo kwenye magrupu ya kata, ya shule, ya kanisa au msikiti, ya wauza mitumba, na yale ya kuuza na kununua, na huko pia pekua matangazo ya wauzaji kila siku. Ila tangazo lako lisiseme kila kitu! Weka picha, aina, rangi, alama moja ya wazi, eneo na siku. Alama mbili au tatu za siri, pamoja na namba ya fremu, bakiza kwako na kwa mpelelezi tu. Zinafanya kazi mbili. Kwanza mwizi hatajua cha kufuta. Pili, matapeli. Ukishaandika "zawadi nono" kuna watu watapiga, "bro baiskeli yako ninayo, jamaa aliniuzia, tuma elfu ishirini ya boda nikuletee". Muulize tu pedeli ya kushoto ikoje. Atakata simu mwenyewe.

Kuhusu zawadi, kumpa asante aliyekuonyesha ilipo haina shida, lakini kukaa na mwizi mkapatana bei ya kuinunua baiskeli yako, hapo unaingia pabaya. Unamlipa arudi tena, na mbele ya sheria inaweza kuonekana mmemaliza jinai kienyeji.

Umeiona, mtu anaiendesha

Moyo unaenda mbio, najua. Usipige kelele za mwizi. Narudia, usipige. Hapa kwetu neno hilo likishatoka mdomoni hulirudishi, watu wanakuja na mawe hawaulizi, na unaweza kukuta aliyekuwa juu ya baiskeli ni mwalimu aliyeinunua jana kwa hela yake halali, ameumia au amekufa, na kesi inayobaki ni ya mauaji na wewe ndo ulianzisha.

Usimnyang'anye pia. Kama ni mwizi ana kisu, kama sio mwizi atakushtaki wewe kwa unyang'anyi, na maelezo yenu mawili yatafanana.

Fanya hivi: piga picha kwa mbali, baiskeli na mazingira. Mfuate kwa nafasi uone anaegesha wapi au anaingia nyumba gani. Angalia alama zako za siri kimyakimya, sio rangi, zile alama. Kama mbili zipo, mpigie mpelelezi umtajie RB, umwambie ulipo. Akichelewa mtafute mwenyekiti wa eneo hilo au polisi kata, uwe na mtu wa serikali pembeni yako kabla hujafungua mdomo.

Ukiiona inauzwa mtandaoni jifanye mteja, uliza bei, omba picha za karibu za chini ya siti na chini ya pedeli, uliza kama ina risiti. Hifadhi maongezi yote na namba aliyotumia. Kukutana nae nenda na polisi, usiende na washkaji wenye hasira. Wala usikimbilie kubandika sura ya mtu mtandaoni ukaandika mwizi huyu hapa, kama umekosea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na inaweza kukugeukia.

Na fanya haraka. Mahakama zina kanuni kwamba mtu akikutwa na mali iliyotoka kuibiwa muda mfupi uliopita na hana maelezo ya kueleweka, anaweza kuhesabiwa ndo mwizi au ameipokea akijua ni ya wizi. Lakini lazima mali iwe imetambuliwa bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji na iwe imeibiwa karibuni. Kitu kinachobadilisha mikono haraka kama baiskeli, miezi ikishapita nguvu ya hiyo hoja inapungua sana.

Polisi wakienda kuichukua hakikisha kuna hati ya ukamataji inaandikwa palepale, imesainiwa na aliyekutwa nayo na shahidi wa kujitegemea, mara nyingi mjumbe au mwenyekiti. Hati isipokuwepo mtuhumiwa atasema baiskeli haikutoka kwake.

Kituoni: kuthibitisha

Hapa ndo nilisema tunaelekea. Ukiitwa uitambue, kabla hujaingia uani ilipo, mwambie mpelelezi unataka kueleza alama kwanza aziandike. Wengi wanakimbilia kuishika, "hii hapa hii hapa!", na hapo umeshajiharibia.

Niliwahi kushuhudia wanaume wawili wanadai Phoenix moja. Askari alikuwa mzee fulani mtulivu, akawakalisha kwenye benchi, baiskeli iko nyuma ya ukuta, akawauliza mmojammoja. Wa kwanza akasema ni nyeusi, ina karia, ina stendi, naijua. Wa pili akasema: ukitoa siti, ile paipu ya siti imekatwa kwa msumeno haiko sawa, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, kwasababu mimi mfupi fundi aliipunguza, na ndani ya bomba kuna kitambaa chekundu nilikiweka isicheze. Ikaletwa spana, siti ikatolewa. Paipu imeenda upogo, kitambaa kikatoka kimelowa grisi lakini wekundu wake unaonekana. Yule wa kwanza akaanza kuaga.

Hakuna risiti iliyotumika pale. Lakini usiende mikono mitupu, beba kila ulichonacho:

Risiti, ya EFD (ile mashine ya kodi) ikiwepo ndo nzuri zaidi maana inahakikiwa kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato. Ila karatasi ile inafutika kwa joto, baada ya miezi inabaki nyeupe tupu, itolee kopi mapema. Kama ulilipa kwa simu ule ujumbe wa malipo una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, na toka Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani ukionyeshwa haujachezewa, kwahiyo usilete skrinishoti tu, njoo na simu yenyewe. Ulinunua mkononi? Karatasi ya mauziano, au aliyekuuzia mwenyewe aje aseme nilimuuzia huyu. Fundi wako aje, ni shahidi mzuri kuliko unavyofikiria, ataeleza kazi ya mkono wake. Picha za zamani. Barua ya mwenyekiti. Funguo, na lile kufuli lililokatwa.

Kama imepigwa rangi usikate tamaa, wanaopuliza hawatoi vitu. Angalia chini ya kibano cha siti, nyuma ya nembo ya mbele, ndani ya kava ya mnyororo, kwenye nyuzi za bolti, rangi ya zamani iko palepale. Na kama namba ya fremu imesagwa kwa faili, muoneshe mpelelezi aiandike na kuipiga picha. Mtu aliyenunua kihalali anasaga namba ya nini?

Kama imepatikana vipande, sema ukweli kipi unakitambua na kipi huna uhakika. Ukidai kila kitu na kimoja kikathibitika ni cha mtu mwingine, ushahidi wako wote unatiliwa shaka.

"Mimi nimenunua"

Utalisikia hili karibu kila mara, na mara nyingi ni kweli. Kanuni ya jumla kwenye Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, ni kwamba asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Kwahiyo hata kama alilipa kwa nia njema, baiskeli ni yako, na yeye anamdai aliyemuuzia. Usikubali maneno ya "mrudishie nusu ya hela yake yaishe". Lakini usimfanye adui pia, huyo ndo njia ya kumfikia mwizi, akimtaja aliyemuuzia anakuwa shahidi wako badala ya mshtakiwa. Akikataa kumtaja, alinunua usiku, bila karatasi, kwa robo ya bei, basi kosa la kupokea mali ya wizi lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mpelelezi atajua cha kufanya.

Kuirudisha nyumbani

Kesi ikienda mahakamani baiskeli inakuwa kielelezo na inakaa kituoni au mahakamani mpaka iamuliwe. Kama ndo unayoendea kazini au kubebea maji ya biashara, omba kwa maandishi ukae nayo wakati kesi inaendelea kwa ahadi ya kuileta ikihitajika, mahakama inaweza kukubali ikishapigwa picha na kuandikwa vizuri, na ukipewa kwa sharti hilo usiiuze wala kubadilisha kitu hata pancha kubwa uliza kwanza. Hudhuria tarehe zote. Kesi nyingi za namna hii zinakufa kwasababu mlalamikaji kachoka kuja, mtuhumiwa anaachiwa na baiskeli inabaki inagombaniwa. Hukumu ikitoka muombe hakimu atoe amri ya kurudishiwa mali, usidhani inakuja yenyewe, na uchukue nakala ya hiyo amri.

Siku ya kuichukua kagua kabla ya kusaini. Linganisha na hati ya ukamataji: magurudumu ni yaleyale, siti, kengele, pampu. Vitu vidogo vinaota miguu uani. Kikikosekana kitu kiandikwe kabla hujaweka sahihi.

Ukifika nyumbani geuza matairi juu, mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, sugua pale namba ilipo, pitisha chaki ufute na kidole namba ibaki nyeupe, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha ni baiskeli hiyohiyo. Toa siti, ingiza karatasi yenye jina na namba yako ya simu ukiifunga kwenye nailoni, nyingine ndani ya usukani chini ya gripu. Wale vijana wanaochonga namba za magari kwenye vioo wanaweza kukuchongea herufi zako kwenye fremu, ila kama fremu ni ya alumini wasigonge kwa nyundo, itapata ufa. Jitumie picha zote kwenye imeili ili simu nayo ikiibiwa zibaki.

Alafu rudi kwenye yale magrupu yote uliyotangaza ukafute tangazo, wapigie mafundi na wauza vyuma uliowaachia namba uwaambie imepatikana, na tembea na kopi ya karatasi uliyokabidhiwa nayo baiskeli kwa miezi kadhaa. Picha yake bado iko kwenye simu za watu wengi tu, na kuna kijana mmoja mwenye nia njema mahali fulani anasubiri kukukamata na baiskeli yako mwenyewe.